Sista Awino na Ukuta wa Chumba Namba Tatu

Sista Selestina Awino Olima anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2026, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mbili, miezi kumi na moja na siku kumi na nane. Hizo siku kumi na nane amezihesabu mwandishi wa wasifu huu mwenyewe, kwa kalenda ya ukutani, kwa sababu kamati ya sherehe ilitaka takwimu sahihi, na pia kwa sababu alitaka kujua yeye mwenyewe amezidiwa na Sista kiasi gani. Amezidiwa miaka mitatu kasoro kidogo.

Kamati ilimpa mwandishi kazi hii kwa kuwa ndiye mtunza kumbukumbu wa Kituo chetu cha Afya Rikwaro na mafaili ya watumishi yako kwenye kabati lake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Angeulizwa, angejibu kwamba kumsifia Sista Awino ni kazi ambayo watu wa hapa wamekuwa wakiifanya bila kuchoka, sokoni, kanisani na kisimani, na haihitaji mtu wa ziada. Lakini kazi ni kazi, na mtumishi akipangiwa anafanya.

Alizaliwa mwaka 1966 upande wa Sirari, katika familia ya wakulima na wachuuzi ambao nusu ya ndugu zao wako Tanzania na nusu wako Kenya, kiasi kwamba msiba mmoja unaliliwa pande mbili. Baada ya mafunzo ya uuguzi alipangiwa zahanati moja huko Busawe, wilaya ya Serengeti, akaripoti tarehe 12 Julai 1993. Alikabidhiwa mzani wa kuning'iniza kwenye boriti na kijiti cha kupimia urefu.

Mzani watu waliukubali. Kijiti walikikataa kabisa. Wazee walisema mtu hupimwa urefu mara moja tu, na anayepima siku hiyo ni seremala wa majeneza. Kina mama walifunga watoto mgongoni wakaondoka. Muuguzi mwingine angeandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko, kama tunavyoandika wote. Awino alivua viatu, akasimama ukutani, akamwomba bibi aliyekuwa mkali kuliko wote amwekee kijiti kichwani. Alisema kama hicho ni kipimo cha kaburi, basi apimiwe yeye kwanza. Bibi akampima. Kesho yake Awino akaja kazini mzima, akapimwa tena. Kufika wiki ya pili watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuangalia kama ameshakufa, na wakishafika hapo, wanapimwa.

Tangu wakati huo akaifanya kuwa desturi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anajipima mwenyewe na kujiandika mstari wa kwanza wa daftari: Awino, kilo 64, sentimita 176. Mwandishi amepitia madaftari yake yote ya hapa Rikwaro. Kilo zimecheza kati ya 62 na 66. Urefu haujacheza. Na huyu ni mtu ambaye tunakula naye kichuri, ile nyama yetu ya mchuzi mchungu, kila sherehe, anaongeza nyama, anaongeza ugali, anaomba na mchuzi wa chini ya sufuria, halafu Jumatatu anapanda mzani na mzani unamnyamazia. Wengine tukinusa tu ule mchuzi, mkanda unabana. Mungu ana watu wake.

Alihamia kwetu mwaka 1999. Hapa inabidi litajwe jambo dogo la kihistoria. Chumba namba tatu, chumba cha vipimo, wakati huo kilikuwa na mwenyewe. Kuna mtumishi mmoja aliyekuwa anapima humo tangu 1996, kijana mwenye bidii, na alikuwa anategemea kukaa humo mpaka astaafu. Wiki mbili baada ya Awino kufika, chumba akapewa Awino. Yule kijana akahamishiwa masjala, akaambiwa ni kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mwandiko wake si mzuri hivyo, na kwa taarifa yenu, leo ndio mnausoma.

Sifa zake katika chumba hicho mnazijua, lakini programu lazima iziandike. Aliweza kumweleza mfugaji ambaye hakukaa darasani hesabu inayowashinda wenye vyeti. Sisi tulikuwa tunasema chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita, jibu ugawanye tena kwa urefu uleule, ukipata chini ya kumi na nane na nusu umepungua, ukifika ishirini na tano umezidi, ukifika thelathini ni kiribatumbo. Mzee anakuangalia kama unamsomea mashtaka. Awino alikuwa anauliza tu: ukienda mnadani, ukakuta ng'ombe wawili wa kilo sawa, mmoja ana miguu mirefu na mwingine mifupi, utasema wamenona sawasawa? Mzee anacheka, anasema hapana, yule mfupi ndiye aliyejaa. Somo limeisha. Mwandishi alijaribu mfano huohuo mara moja, na mzee akamuuliza kwa nini anamwita ng'ombe.

Tena alijua hila zote. Huku kwetu kitambi bado kina heshima yake, na wanaume walikuwa wanakuja kupimwa wakiwa na koti zito, buti za mvua na rungu mkononi ili wasizidiwe kilo na shemeji zao. Mzee Simioni wa Gorong'a, ambaye yuko hapa leo meza ya mbele, shikamoo mzee, aliwahi kupanda mzani na blanketi mbili. Awino hakugombana na mtu. Alikuwa anapima mtu na mzigo wake, halafu anapima mzigo peke yake mbele ya watu wote, halafu anatoa. Vijana wa Genkuru waliokuja na mifuko ya magwangala, yale mawe ya mgodini, wakikataa kuyaacha nje yasiibwe, nao aliwafanyia hivyohivyo. Kijana mmoja aligundua kwamba mawe yalikuwa yanakaribia kumzidi uzito, akaanza kula.

Watu wakampenda. Mwandishi hawezi kuficha hilo, maana mlango wa masjala unatazamana na mlango wa namba tatu, na kwa miaka ishirini na saba amekaa anautazama. Foleni ilikuwa ni ya kwake. Kuku walikuwa ni wa kwake. Watu walivuka mpaka kutoka Isebania, wakapita masjala bila hata kusema habari, wakiulizia "sista mpoa". Cheti cha mfanyakazi hodari wa Mei Mosi alikipata 2006, 2012 na 2019, na mara zote tatu jina la pili kwenye orodha lilikuwa la mtu mmoja, hatutamtaja. Leo wananchi na watumishi wamemnunulia mtamba mwenye mimba. Mtamba! Mwandishi anastaafu mwaka 2028 na ameanza kuulizia kwa upole kuhusu mbuzi.

Lakini lililouma kuliko yote ni ukuta. Ule ukuta wa chumba namba tatu wenye mistari myekundu ya sentimita, kuanzia sakafuni hadi mita mbili, ulichorwa mwaka 2003 kwa siku mbili za kupiga magoti, kwa rula ya shule na brashi ya kupakia dawa. Watu wote wanauita ukuta wa Awino. Wagonjwa wanasema nenda kasimame kwenye ukuta wa Awino. Wakaguzi wamewahi kuupiga picha na kuandika chini yake, ukuta wa Awino. Niliuchora mimi.

Samahani. Aliuchora mwandishi wa wasifu huu.

Sasa, kamati iliagiza wasifu wowote mzuri uwe na sehemu ya changamoto. Mwandishi alifurahi sana kusikia hivyo, na ni vizuri mjue alifurahi. Kwa sababu katika faili la Sista Awino, pamoja na vyeti vyote vile, kuna barua ya onyo. Ni ya Juni 2017. Watumishi wa zamani mnaikumbuka. Kwa miaka tisa, kila aliposifiwa mbele yangu, nilikuwa nasema polepole, kama mtu asiyetaka kusema, kwamba hata hivyo naye ana barua ya onyo. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi yake moja ya adabu niiweke hapa katikati, iwaharibie pilau kidogo.

Jumanne iliyopita nikafungua faili kutafuta tarehe ya barua. Nyuma ya barua kulikuwa kumebanwa karatasi ya maelezo ya mtumishi. Niliihifadhi mimi mwenyewe mwaka ule, lakini sikuwahi kuisoma, kwa sababu niliogopa kukuta jina langu. Jumanne nikaisoma. Kuanzia hapa mtaniwia radhi, siwezi tena kuandika mwandishi huyu, mwandishi yule. Mwandishi ni mimi, Godwin Mogesi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2017 mama yake Sista Awino aliugua huko Migori, na yeye akaenda kumuuguza kuanzia Januari hadi Aprili. Chumba namba tatu nikapewa mimi. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nioe. Sakafu ilikuwa imepasuka, Awino alikuwa ameomba itengenezwe, na fundi akafika yeye akiwa hayupo. Nikamsimamia fundi mimi. Nikamwambia amwage saruji ya kutosha, chumba kipendeze, Awino akirudi aone chumba kina mwanaume. Nikachukua rangi na mistari yangu nikaipaka upya, juu ya ile ya zamani, ikawaka. Kilichotokea ni kwamba sakafu ilipanda sentimita tano na mistari ikabaki palepale.

Basi watu wa hapa wakarefuka. Kila aliyesimama pale alikuwa amesimama juu ya sentimita tano za saruji, na ukuta ulimwongezea. Mzee Simioni, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka sitini na saba, alitoka akapita kwenye vilabu vyote akitangaza kwamba bado anakua, na kwamba mura yeyote, kijana yeyote, anayemdharau aje wasimame bega kwa bega. Na kwa kuwa hesabu inagawanya kwa urefu mara mbili, wanene wakapungua unene bila kufanya lolote. Vijana wanne wazima kabisa wakaonekana wamedhoofu, wakapewa unga wa lishe, wakashukuru sana.

Mnauliza mimi sikuona? Nilijipima siku ile ile saruji ilipokauka. Nina sentimita 163. Nimetaniwa kwa hizo sentimita tangu shule ya msingi, nimeoa mke anayenipita, na nimefanya kazi miaka mingi mlango kwa mlango na mwanamke wa 176. Ukuta ukanipa 168. Nilikuwa na kilo 70, na hesabu ambayo siku zote ilinitoa kwenye ishirini na sita na ushee ikanileta ishirini na nne na nukta nane. Mtu wa uzito mzuri! Nilikaa kwenye kile kiti nikatabasamu peke yangu. Sikujua kwamba kuna kosa, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Na sikujiandika mstari wa kwanza, siku ile wala siku yoyote, kwa sababu ile ilikuwa desturi yake na mimi sikuwa nataka cha kwake.

Miezi mitatu ile takwimu zetu zikawa nzuri kuliko za kituo chochote. Nikaitwa kwenye kikao cha lishe, nikasoma ripoti, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti cha pongezi kwa kupunguza uzito uliozidi katika jamii. Ndicho cheti pekee nilichopata maishani. Nikakitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Awino alirudi kazini Jumatatu. Akavua viatu, akajipima kama kawaida yake, akasoma 181. Hakuiandika, wala hakupiga kelele. Alikuja masjala, akafunga mlango, akaniuliza, "Godwin, hivi umerefuka?" Leo ndio naelewa kwamba ule ulikuwa mlango ananifungulia, nipite mwenyewe. Mimi nikacheka, nikamjibu kwamba Mungu ni mwema. Akaniangalia kidogo, akasema haya. Akaenda kuchukua futi ya fundi, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye mistari.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ni miguu yake na jua la Tarime. Watu 214 waliopimwa kwenye ukuta ule aliwafuata nyumba kwa nyumba, kuanzia Gorong'a hadi Genkuru, na mzani mgongoni na kijiti kile cha Busawe mkononi. Alikuwa anawaambia kipimo kilikosewa, naomba radhi, simama hapa. Mzee Simioni alikataa kurudi ufupi wake mpaka alipopewa chai.

Huko Genkuru alimkuta Mama Veronika Waisiko. Mama Veronika alikuwa na kilo 76 na sentimita 158, maana yake alikuwa amevuka thelathini, na kila mwezi alikuwa anakuja kupimwa presha. Mimi nikampima 163, nikampata ishirini na nane na ushee, nikampongeza, nikamwambia sasa aje baada ya miezi sita. Akafurahi, akaacha kutembea jioni, akaacha na vidonge. Awino alimkuta amekaa mlangoni, haoni vizuri, ulimi mzito, presha mia na tisini. Alimweka katikati yake na bodaboda wakaenda naye hospitali wakiwa watatu kwenye pikipiki moja. Alipona, ashukuriwe Mungu, na leo yuko hapa mstari wa pili, kitenge cha kijani.

Wakubwa wakauliza ni nani wa kuwajibika. Nilikuwa nimekaa kwenye kikao hicho, naandika muhtasari. Awino akasema ataleta maelezo kwa maandishi. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya onyo, kwa jina lake, na nafasi ya kwenda kusoma Mwanza, aliyokuwa ameisubiri kwa miaka sita, akapewa mtu wa kituo kingine. Mama Veronika, akiamini kosa ni la mwenye ukuta, alimtukana mbele ya foleni, akakaa mwaka mzima bila kumsalimia. Yote hayo niliyaona kupitia ule mlango unaotazamana na wa kwangu. Na nikaanza kusema ile sentensi yangu, kwamba hata yeye ana barua ya onyo.

Maelezo niliyoyasoma Jumanne yana mistari miwili. "Sakafu niliiomba mimi. Chumba ni changu na ukuta ni wangu, kosa ni langu."

Miaka yote nililalamika kwamba watu wanamwita mwenye ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kusema ni wake, nimeulizia, hakuna aliyewahi kumsikia. Alisema mara moja tu, siku ambayo kuwa mwenye ukuta kulikuwa na adhabu. Nilifunga kabati nikakaa mpaka walinzi wakaja kuuliza kama nipo salama.

Kwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, mtaipata changamoto yenu. Mganga mfawidhi wetu, Dkt. Elieth, ana barua yangu mezani kwake tangu jana asubuhi, yenye sahihi yangu, inayosema ukuta niliuchora mimi, saruji niliisimamia mimi, na watu 214 niliwakosea mimi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama najua nimebakiza miaka miwili tu. Najua. Nakala imewekwa kwenye faili la Sista Awino, juu ya ile ya onyo, ili atakayelifungua aanze na yangu. Mama Veronika, yule uliyemnunia mwaka mzima hakukukosea chochote. Aliyekukosea ni huyu mfupi aliyeshika karatasi. Na cheti cha juu ya televisheni nimekitoa, nimekileta, kiko kwenye bahasha kinasubiri kurudishwa.

Sista Awino, sikukuaga vizuri ulipokwenda Migori, sikukupokea vizuri uliporudi, na makofi yako yote nimeyahesabu kwa uchungu. Nakuonea wivu hata leo, nisikudanganye. Naonea wivu huyo mtamba. Lakini jana uliponikabidhi ufunguo wa chumba namba tatu, niliousubiri tangu 1999, nilikuta mkono wangu hautaki kuufumbata.

Nenda nyumbani kwa amani. Mtamba azae jike, magoti yakubebe, ndugu wa pande zote mbili za mpaka wakuache upumzike, na ule bila kupungukiwa wala kuzidi, kama ulivyozoea. Rikwaro inakushukuru kwa kila asubuhi uliyotutangulia kusimama ukutani.

Asubuhi ya leo, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nilifungua chumba mimi. Nilipima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye mistari, ikalingana. Kisha nikavua viatu, nikasimama, na nikaandika mstari wa kwanza wa daftari jipya, ambao naurudia hapa kama sahihi yangu:

Godwin Mogesi, kilo 68, sentimita 162.